Siku Bi Mwanaisha Alipopanda Tenti ya Mitini

Jumamosi, jioni. Baridi ya Julai imekaa hapa mtaani Mbotela tangu asubuhi, lile wingu la kijivu lisilonyesha wala kuondoka, na mimi nimekaa na fulana tu kwa sababu mwili umekataa kupoa. Viganja vyangu vina malengelenge mawili. Nayaangalia nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Wacha nianze mwanzo, maana nikianzia kwa malengelenge nitakupoteza.

Naitwa Nafula na kazi yangu ni ya tenti. Ukiona tenti nyeupe kwenye harusi au matanga upande huu wa Jogoo Road, huenda ni yetu, yaani ya Bi Mwanaisha wa Ziwani, ambaye tenti alirithi kwa marehemu mumewe na sauti alizaliwa nayo. Zamani mimi ndiye nilikuwa nafunga. Kamba zote zilipita mikononi mwangu. Tangu mwaka jana nabeba viti.

Sababu ni tenti iliyoanguka kwenye matanga kule Komarock. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kigingi kimoja cha chuma kikang'oka kwenye tope, na nguzo ikamwangukia mama mmoja, jirani ya marehemu. Akavunjika mkono. Nilisema ni udongo. Kila mtu akasema ni udongo. Bi Mwanaisha akaenda hospitalini kumwomba msamaha, kisha akaniambia nipumzike kufunga kwa muda. Huo muda haujawahi kuisha.

Sasa hili sijawahi kumwambia mtu.

Nilikiona. Kabla ya watu kuketi nilikiona kigingi kimepanda upana wa kidole, na nikajua. Lakini gari la mwili lilikuwa limeshafika getini na watu wanaimba, na mimi niliona aibu kuwasimamisha. Nikakikanyaga kwa kiatu, nikaenda zangu kupanga viti.

Basi. Mwezi uliopita Bi Mwanaisha alinunua sokoni Gikomba furushi la tenti za mitumba, na ndani yake kukawa na moja ya ajabu. Ni pembetatu. Haina nguzo wala vigingi. Ina sakafu ngumu, na kila kona imefungwa mkanda mpana mrefu, ule wa kufungia mizigo ya lori, wenye chuma cha kukazia ambacho ukikivuta mpini kinalia ka-ka-ka. Kevo, ndiye fundi wetu anayefunga siku hizi, aliigeuza juu chini akasema hii ni tenti iliyokatwa miguu.

Mimi nikaona kitambaa kilichoshonwa ndani ya mfuko wake, chenye picha zilizofifia. Miti mitatu. Tenti inaning'inia katikati. Mtu mdogo ameketi ndani, miguu hewani, anatabasamu.

Aki nilitaka kupiga kelele!

Nilimwomba Bi Mwanaisha aniachie hiyo moja tu. Wiki nzima nilitazama video kwenye simu mpaka bando ikaisha, nikafanya mazoezi mezani kwa uzi na chupa tatu za soda zilizojaa maji. Yeye akanisikiliza, akanywa chai yake, akatoa masharti. Atapanda yeye mwenyewe. Akianguka, nitabeba viti mpaka nizeeke. Asipoanguka, Jumatatu narudi kufunga. Na nikuambie, Bi Mwanaisha si mtu wa kubebwa na upepo.

Kwa hivyo leo asubuhi tulikuwa uwanjani nyuma ya nyumba zetu. Nilikuwa nimechagua miti mitatu, mijakaranda miwili na mgrevilea mmoja, yote minene kuliko mapaja yangu, yote na majani mabichi. Nikaokota mawe na vipande vya chupa pale chini. Nikazungushia kila shina gunia ili mkanda usile gome. Nikapitisha mikanda, nikahakikisha hakuna uliojikunja.

Halafu nikafanya upuzi.

Sisi watu wa tenti tuna mazoea yetu. Kona ya kwanza unaikaza mpaka mwisho, ndipo unakwenda ya pili. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nikaukaza mkanda wa kwanza mpaka ukalia, nikageuka, na tenti nzima ilikuwa imevutwa kwenye mjakaranda wa kwanza, kona mbili zimebaki zinalegalega huko nyuma. Kevo alicheka mpaka akaketi chini. Na mimi nikacheka, nifanyeje?

Nikalegeza yote. Nikaanza upya, safari hii kwa mikono mitupu kwanza, kona zote tatu zikae mbali sawasawa na kila moja itazame shina lake katikati. Kisha mpini. Mivuto mitatu hapa, mitatu kule, mitatu kule, nazunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Haraka haitakiwi. Sakafu ikaanza kuinuka. Ikanyooka. Nikaisukuma kwa kiganja ikanirudisha, na hapo nilipiga vigelegele mimi mwenyewe. Nikaiacha chini ya kimo cha kifua changu, kwa sababu zile picha zinasema usipande zaidi ya hapo. Ukianguka, uanguke kidogo.

Watu wakaanza kujaa. Bi Mwanaisha alifika na buibui lake jeusi na viatu vya kutokea, akaomba stuli. Nikamwambia bado, tuijaribu kwa uzito wa maji kwanza. Nikaazima mitungi sita ya lita ishirini iliyojaa kwa akina mama waliokuwa kwenye mfereji wa kuchotea maji, tukaipanga katikati ya tenti taratibu, na mimi nikaenda kuuliza mti mmoja mmoja habari yake.

Mjakaranda wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Nikafika kwa mgrevilea.

Upande mmoja wa mti huo ndipo mama wa kuchoma mahindi huweka jiko lake, miaka nenda miaka rudi. Huku kwingine nilikokuwa nafungia, shina ni safi kabisa. Gunia nililizungusha kwa kukumbatia shina, sikuwa nimekwenda upande ule. Sasa nilizunguka, nikaona weusi wa moto kutoka kwenye mizizi hadi magotini, nikagonga, na mti ukajibu kama kabati tupu. Vidole vyangu viliingia ndani ya gome. Na chini, pale mzizi unapoingia ardhini, udongo ulikuwa umeachana na shina.

Upana wa kidole.

Nilipoinua macho, Bi Mwanaisha alikuwa ameshavua viatu, yuko juu ya stuli, mkono mmoja kwenye tenti. Watu wanapiga makofi. Simu zote zimeinuliwa. Mti ulikuwa umesimama, mitungi ilikuwa imetulia, na ndani yangu sauti ileile ya Komarock ikaniambia itashika, wacha tu, itashika.

Niliona aibu vilevile kama siku ile. Hilo ndilo linanishangaza. Nilidhani safari hii aibu haingekuwepo.

"Bi Mwanaisha, shuka," nikasema. "Mti huu haufai."

Watu waliguna uwanja mzima. Kevo akasema mti umekuwa pale kabla hatujazaliwa. Mtu mmoja huko nyuma akauliza kama ndiyo narudi kubeba viti tena. Bi Mwanaisha alinitazama mimi, akautazama mti, akashuka, akavaa viatu kimoja kimoja.

"Fungua," akasema.

Tulitumia saa nzima. Maji yalitoka kwanza, kisha nikalegeza kila kona kidogo kidogo, maana ukiachilia upande mmoja ghafla kile chuma kinaweza kukuvunja meno. Kulikuwa na mjakaranda wa tatu ng'ambo ya mfereji, mbali, ikabidi nichukue mkanda mwingine kwenye lori letu ili ufike. Huo nikauzunguka mara mbili. Nikaugonga kila upande, nikapiga magoti nikakagua mizizi kwa kidole kama mganga. Mti mzima, mwenye afya. Gunia, mkanda, mikono, mpini, mivuto mitatu mitatu. Mitungi ikarudi. Tulingoja, mikanda ikavutika kidogo kwa uzito, nikaongeza mivuto miwili kila kona. Hapo ndipo nilipopata haya malengelenge.

Tukaitoa mitungi, halafu nikampa Bi Mwanaisha mkono.

Alipanda kama anayepanda kitanda cha watu, kwa adabu. Tenti ikazama, ikanesa, ikashika. Akajilaza chali. Kisha tukasikia akicheka humo ndani, kicheko kirefu, na akaagiza aletewe chai hukohuko juu.

Yaani nililia. Kevo pia, ingawa anasema ni moshi wa mahindi.

Watu walipoanza kutawanyika aliniita karibu, akaniuliza nilijuaje kuhusu ule mti. Ningesema tu niliona ufa. Lakini yeye alikuwa juu, na hawezi kushuka bila mimi, na nadhani ndiyo maana nilipata ujasiri. Nikamwambia yote. Kigingi, gari la mwili, kiatu changu.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Akaniambia kwamba yeye ndiye aliyeketi kando ya kitanda cha yule mama na kumwambia ni udongo, kwa mdomo wake mwenyewe, akiamini anasema kweli. Akasema kesho tutakwenda Komarock pamoja, na nitamweleza mama huyo mimi mwenyewe. Nikakubali. Kisha, kwa sababu sina haya, nikauliza habari ya Jumatatu.

"Jumatatu uliipata pale uliponishusha kwenye stuli," akasema. "Kesho ni ya yule mama."

Nikamshusha polepole. Alikuwa mzito na mkono wake ulikuwa na joto.

Sasa niko chumbani, nimenyoosha gauni la kesho, na furaha haiishi. Jumatatu nafunga! Nimeandika maneno hayo mara nne kwenye karatasi. Lakini kabla yake kuna mlango wa Komarock, saa nne asubuhi, na mama ambaye sijamwona tangu wambebe kwa machela. Nitaanzaje? Nitamsalimia. Nitamuuliza mkono unaendeleaje. Halafu, kabla hajanikaribisha chai, nitamwambia kigingi nilikiona na nikanyamaza.