Mdahalo wa Jumatatu Maktabani

Tarehe 10 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na mama anakula vizuri. Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kukemea makelele.

Maktaba ya shule ninayoisimamia siku hizi haina pa kutia mguu, kwa vyama nilivyoanzisha. Jumatatu mdahalo, Jumatano chama cha wasomaji, Ijumaa sataranji. Kuna binti wa kidato cha pili mwenye kigugumizi. Wenzake humwita Redio Mbovu. Darasani haitiki hata jina lake likiitwa. Jumatatu iliyopita alisimama kwenye mdahalo, akang'ang'ana na neno la kwanza hadi jasho likamtoka, kisha akazungumza dakika tatu nzima. Hakuna aliyecheka. Nilijificha nyuma ya rafu nikafuta machozi.

Ni mimi binti yako.

Tarehe 1 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Magoti yananuna, mama yako ananuna zaidi. Barua yako nimeisoma mara nne, ya mwisho nikamsomea jirani ambaye hakuniomba. Huyo mtoto usimwache. Na vyama hivyo, mwombe mkuu wa shule kibali cha maandishi. Wakubwa husahau upesi walichokubali kwa mdomo.

Baba yako.

Tarehe 19 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Barua zako mbili zilinifikia. Siumwi.

Vyama vimefutwa. Matokeo ya mtihani yalishuka, na mkuu akatangaza kikaoni kwamba maktaba si mahali pa kupigia domo. Itakuwa chumba cha watahiniwa. Kibali sikuwa nimekiomba. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Walimu wote wakanigeukia. Mkataba wangu mpya ulikuwa mezani kwake, haujasainiwa. Niliinamisha kichwa.

Jumatatu iliyofuata yule binti alikuja mlangoni na hotuba yake mkononi. Nilimwambia arudi nyumbani.

Binti yako.

Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

Hatujambo, mama yako anakusalimu. Sikulaumu; kazi haziokotwi barabarani. Lakini mtafute yule mtoto umweleze mwenyewe, tena mapema.

Baba yako.

Tarehe 30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nawaombea afya wote hapo nyumbani.

Nilichelewa. Niliona aibu, nikajipa wiki moja, kisha nyingine. Nilipokwenda kwao, mama yake alinieleza kwamba binti ameacha shule tangu Julai na hazungumzi na mtu. Nilimkuta nyuma ya duka la dobi, anakunja mashuka. Nikamsihi aniambie hata neno moja. Akachukua kalamu ya kuandikia risiti, akaandika: "Mwalimu, wewe unaweza kusema, na ulinyamaza." Akarudi kwenye mashuka yake.

Mkataba nimepewa, wa miaka miwili. Kesho napanga madawati ya mtihani maktabani.

Ukiniandikia, nipe habari za mama. Usiniambie kwamba sikuwa na la kufanya.

Binti yako.