Kwa Shemeji, Kuhusu Mtihani wa Sabuni

Shemeji yangu mpenzi,

Wiki hii mwanao Petro amefanya mtihani uleule uliokuangusha wewe, naye amepata alama za juu kuliko wenzake wote. Mama yake alipiga vigelegele barabarani. Mimi, mjomba wake na mwalimu wake, nimekataa kutia sahihi kwenye cheti chake. Nakuandikia wewe uliye kaburini kwa sababu walio hai hapa Kasongo wamechoka kunisikiliza. Nakala ya barua hii nitaibandika mlangoni pa shule, aisome anayetaka, na akasirike anayetaka.

Unakumbuka nia ya misheni ilipoanzisha sehemu ya biashara: kutoa wafanyabiashara weusi, ili duka lisiwe kila mara la Mgiriki au la Mreno. Nia hiyo siigombi. Tulifundishwa kuchemsha sabuni kwa mawese na majivu, kuikata miche, kuipanga. Mwisho wa masomo kila mmoja alipewa kikapu akipeleke sokoni. Anayerudi na kikapu kitupu amefaulu, anayerudi na sabuni ameanguka. Padri wa wakati ule alisema mtihani huo hauwezi kudanganywa, maana soko halina upendeleo.

Padri hakuwajua shangazi zangu.

Walifika sokoni kabla yangu. Kwetu, kikapu cha kijana kikirudi nyumbani na bidhaa, watu hawasemi bidhaa ni mbaya. Wanasema kijana hana watu. Kwa hiyo ukoo mzima ulikuja kununua. Shangazi mkubwa alichukua hata sabuni ya kuoshea mbwa, naye hakuwa na mbwa. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikila karanga. Wewe ulitoka Kabambare, ndugu zako walikuwa mbali, na kikapu chako hakikupungua. Nilikutania: "We mutu wa Kabambare, enda kwanza ukatafute ndugu!" Ukanijibu bila kugeuka: "Nitaoa dada yako, shangazi zako watakuwa wateja wangu."

Halafu ukafanya jambo ambalo hakuna mwingine kati yetu alilifanya. Uliinuka ukawafuata wanawake waliokupita, ukawauliza kwa nini hawanunui. Jioni ulisimama mbele ya Padri na kikapu kilichojaa, ukamwambia: "Padri, sabuni yetu iko laini sana. Wamama wanasema inaisha mbele ya nguo kutakata. Tuiache ikauke zaidi." Naye akakujibu kwa Kiswahili chake: "Mimi hapana uliza habari ya sabuni. Mimi nauliza umeuza ngapi."

Nikapata cheti. Wewe ukaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, ukachemsha sabuni ngumu kambini, wachimbaji wakaipangia foleni, na posa ya dada yangu ukaileta mwenyewe. Homa ilipokuchukua, hakuna aliyekumbuka kwamba shule ilikuwa imeandika kuwa biashara huiwezi.

Nimesoma vitabu vya Wafaransa wanaobishana namna ya kumpima mwanafunzi: kwa kalamu, kwa mdomo, kwa kazi ya mikono. Wanabishana vizuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba mtihani unaweza kufanywa na ukoo. Lakini ndivyo tunavyofanya, mwaka baada ya mwaka, na serikali inatusifu kwa vikapu vitupu. Tunapima wingi wa ndugu, kisha tunauita elimu. Kijana akishafungua duka, ndugu hao hao wanarudi kuchukua kwa mkopo, duka linafungwa, na Wazungu wanasema waliona tangu mwanzo kuwa Mweusi hajui biashara. Sisi ndio tunaowapa maneno ya kusema.

Sasa mwanao. Alirudi na kikapu kitupu, anacheka. Nikamwuliza mbele ya mkurugenzi wa sasa wa shule: "Wanunuzi walisema nini juu ya sabuni?"

Alifikiri. "Walisema nimekuwa mukubwa, Mjomba. Walisema nafanana na baba."

"Na sabuni?"

"Hawakusema kitu."

Nikaweka kalamu chini. Mkurugenzi akanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilifaulu kwa mtihani huu. Nikamwambia ndiyo maana naujua. Nikadai vijana wote warudie mtihani kwenye soko la Nyangwe, ambako hawana jamaa. Alikataa, akiogopa wazazi. Mwishowe alikubali arudie Petro peke yake, kwa kuwa hana baba wa kuja kulalamika. Akiuza, apewe cheti. Asipouza lakini akaweza kueleza sababu, apewe pia. Akirudi na kikapu kilichojaa na kichwa kitupu, aanguke. Sikufurahi. Mwanafunzi mmoja tu atapimwa kwa haki, naye ni yatima, na anaweza kupoteza alichokuwa amekwisha kupata. Lakini nilikubali.

Jana dada yangu aliingia kwangu bila hodi. "Unamunyima mutoto wa marehemu cheti chake? Sawa. Nimetuma habari Nyangwe. Tuko na binamu kule, watanunua yote."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimshambulie, Petro akanitangulia. "Mama, waje. Lakini kila mutu aniambie kwanza ubaya wa sabuni, ndipo nitamuuzia."

"Nani atamwambia yatima ubaya wa sabuni yake?"

"Anza wewe," akasema. "Unaifulia kila siku."

Shemeji, unamjua mkeo. Hajawahi kukosa neno. Mara hii alitazama kwanza viganja vyake, akamtazama mwanao. Kisha akasema polepole: "Inanuka mawese."

"Sana?"

"Sana, mwanangu. Shuka zako nazifua mara ya pili kwa ile ya dukani. Sikutaka ujue."

Kijana hakuudhika. Alikwenda nyuma ya nyumba kwenye pipa la kuchemshia, na mama yake akamfuata akiendelea kumweleza, sauti yake ikipanda kwa kila kasoro aliyoikumbuka. Mimi sikuitwa.

Safari ya Nyangwe tumeisogeza mpaka sabuni mpya ikauke. Pumzika, mtu wa Kabambare.

Ni mimi, shemeji yako, mwalimu wa mwanao.