Karte ya Picha Iliyobaki Goma

Siku ya tano tangu niunge kompyuta mupya.

Kompyuta haitoi picha, na kosa ni yangu. Mudogo yangu Kambale, mwenye ananiita yaya juu niko mukubwa yake, alinishauria toka Goma: «Yaya, kamata processeur, bongo ya mashini, yenye iko na graphique ya kutoa picha ndani. Michezo utacheza kidogo, lakini utacheza.» Nilikataa. Nilichukua ya bei chini, isiyo na graphique ndani, ili yeye anitumie karte ya picha ya nguvu.

Karte alinunua. Kisha vita ikaingia Goma, waizi bakabeba vitu yote ya duka yake, na karte ndani.

Leo ameshuka Luano, kiwanja ya ndege ya kwetu, na mufuko moja. Neno ya kwanza: «Yaya, ile karte, unisamehe.»

Siku bantu banakimbia, mimi nilimwandikia: «Karte iko wapi?» Sikuuliza kama yeye iko muzima. Alisoma.

Nilimwekea bukari, ile ugali yetu. Nilishindwa kumwangalia.