Baba Adikini, Nimepanda Gari Lile

Baba Adikini,

Nimepanda Panzi, gari lile lile. Ngoja, usiseme kitu kwanza. Najua hata huko uliko umeshtuka, maana mimi mwenyewe nimeliandika neno hili nikalisoma mara mbili. Nimekaa kiti cha mbele, kando ya dereva, nikashuka nalo mteremko ule ule wa kwenda mtoni ulikofia, na sasa niko hapa Molo ya Tororo, nyumbani kwako, mzima, na mwanao amelala mgongoni mwangu. Ndiyo, mwanao. Tulipokuzika nilikuwa na mimba changa ambayo sikuwa nimekuambia. Ni mvulana. Mama yako amempa jina la baba yako, na masikio ni yako kabisa.

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichotukutanisha. Wewe na Kidhopadhola chako, mimi na Kisamia changu cha Lumino, tungependana kwa lugha gani kama si hii ya sokoni? Mama yako bado anacheka nikijaribu kusema lugha yenu. Anacheka kidogo, lakini anacheka.

Nikuambie habari ya hofu, maana ndiyo niliyokaa nayo tangu uondoke. Gari likipita barabarani, hata likiwa mbali, nilikuwa natafuta pa kujificha. Niliacha jembe shambani nikachuchumaa katikati ya mtama mpaka mlio upotee. Nikienda sokoni Tororo nilipita njia za ng'ombe, miguu ikichanwa na miiba, mradi nisitembee kando ya barabara. Halafu siku moja nikamwona mtoto wetu Adikini. Lori lilikuwa linapita, naye akakimbia kujificha nyuma ya ghala, akaziba masikio kama mimi. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kunitazama.

Na kulikuwa na maneno. Hayo ndiyo yaliyonichoma. Matanga hayajaisha, tukasikia kwamba Bwana Kanji, yule wakala aliyekuuzia gari pale Tororo, anawaambia watu kuwa gari lake halina kosa. Eti dereva alikuwa amelewa. Wewe! Wewe uliyekuwa ukipewa mrija kwenye chungu cha pombe ya wazee unavuta mara moja kwa heshima, kisha unauliza kama kuna chai! Neno likavuka likafika Busia, likarudi likiwa limenona: ulikuwa umelewa, ulikuwa unaimba, ulikuwa umefumba macho. Mama yako akaacha kwenda kanisani kwa sababu ya jinsi watu walivyokuwa wanamsogelea kumpa pole.

Lakini madereva walikujua. Hawakubishana na Kanji. Waliacha tu magari yake. Unakumbuka mlivyoliita gari lile Panzi, kwa udogo wake, na rangi ya kijani, na jinsi lilivyorukaruka kwenye mashimo? Wewe ndiye uliyekuwa unalisifu pale stendi. "Gari ya mtu mdogo," ulikuwa unasema, "lakini nakwenda kama ya mtu mkubwa." Basi baada yako wakalibadilisha jina. Wakaliita Sanduku, lile la kuzikia. Abiria akifika stendi alikuwa anauliza kwanza, "Hii ni Sanduku?" Akisikia ndiyo, anashusha kuku wake na kukaa kungoja basi. Kwa Kanji magari yakapangwa nje hayana mnunuzi, majani yakaota kwenye magurudumu. Mama yako alipoyaona alitema mate chini, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha kampuni ikamtuma fundi wake mkuu kutoka huko yanakotengenezwa. Mtu mrefu, shingo imeungua na jua. Alikuwa analala chini ya magari kila mji, Mbale, Tororo, Busia, anatambaa na tochi. Alichokiona kilikuwa kitu kidogo hata ukisikia utalia. Paipu ya mafuta ya breki ilipitishwa chini, karibu na gurudumu la nyuma. Gari likiwa tupu, kwenye lami, halina shida. Lakini lipakie watu na magunia, lipitishe kwenye barabara yetu, springi zinalala, na paipu inasuguana na chuma. Inasuguana leo, inasuguana kesho, mpaka inatoboka. Waliolitengeneza hawakuwa wamewahi kuiona barabara ya Busia baada ya mvua.

Basi wakaihamisha paipu, wakaipitisha juu na kuifunika kwa chuma, wakaweka na springi ngumu zaidi. Kanji akapaka maneno ukutani, akapita sokoni na kipaza sauti. Hakuna aliyegeuza shingo. Akaenda stendi mwenyewe kuwabembeleza madereva, na Emojong, yule mzee wenu wa stendi aliyebeba jeneza lako upande wa kichwa, akalitaja jina lako akamjibu mbele ya wote:

"Siku bibi ya Othieno nakaa ndani, na sisi nakaa. Kabla ya hiyo, peleka bati yako huko."

Ndiyo maana Kanji akaja Molo. Mtu alikuwa amemwambia habari yangu na magari, kwa hiyo aliliacha lake mbali kule barabarani akaja kwa miguu, viatu vimejaa tope mpaka kwenye soksi. Mama yako alimtoa uani na mchi wa kutwangia. Akarudi siku nyingine. Mama yako akanitazama, akaingia ndani, akaniachia mimi.

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikajisikia namuuliza, "Breki zilipokatika, mume wangu alifanya nini?"

Aliangalia viatu vyake. Halafu akaniambia kwamba fundi alikwenda kulichunguza gari lako pale lilipovutwa likaachwa. Paipu ilikuwa na tundu. Pedali ya breki ilikuwa imelala sakafuni, na ile breki ya mkono umeivuta mpaka chuma kikapinda. Akaniambia wamewatafuta wanawake waliokuwa darajani na mitungi yao siku ile. Walisema ulipiga honi tangu juu, hukuiachia. Walisema ulipoona hawatawahi kutoka, uligeuza usukani ukaliingiza gari kwenye ule mvule wa kando ya barabara.

"Hakulewa, mama," Kanji akasema. "Siku ile mimi nasema uongo. Naogopa biashara kufa, nasema uongo."

Baba Adikini, sikulia pale. Nililia baadaye, jikoni, nikasingizia moshi. Pale mbele yake nilisema tu, "Umeniambia mimi ambaye nilikuwa najua. Kawaambie wao."

Nikampa masharti, na sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Aseme stendi, kwa mdomo wake, si kwa karani, si kwa kipaza sauti. Abadilishe paipu kwenye kila Panzi aliyowahi kuiuza, si yale mapya tu. Na kama anataka nipande, basi dereva awe yeye. Gari lipakiwe kama ulivyopakia wewe. Na njia iwe ile ile, mteremko ule ule.

Nikaona rangi inamtoka usoni. Lakini akasema, "Nakubali."

Mama yako hakukubali. "Nimezika mmoja," aliniambia. "Hawa watoto utawaachia nani? Mimi na meno yangu haya mawili?" Jibu nililokuwa nalo sikuweza kumpa, kwa sababu lilimhusu mwanawe mwingine. Okoth, mdogo wako, alikuwa amejifunza kuendesha. Nilimwona anavyotembea siku hizi, anazungusha funguo kidoleni ambazo si zake. Nilijua ataishia ndani ya Panzi tu, maana mtoto wa mkulima wa Molo atapata gari gani lingine? Angelipanda hata nikilala barabarani. Basi nikaona afadhali nitangulie mimi.

Ilikuwa Jumamosi ya soko. Kanji alisimama juu ya sanduku la soda pale stendi. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakapiga kelele, "Hatusikii!" Akarudia. Akasema Othieno hakulewa. Akasema gari ndilo lililokuwa na kosa, na yeye akaongeza lake. Emojong alivua kofia. Mwanamke mmoja muuza samaki akasema kwa sauti, "Eh, kumbe!" Na mimi nikamtafuta mama yako kwa macho, maana alikuwa amekuja hata baada ya maneno yote yale. Alikuwa amesimama kando ya ukuta, kidevu kimeinuka, kama mtu anayengoja apigwe picha.

Halafu wakapakia magunia ya mahindi, wakapakia na ndizi juu. Nikafunguliwa mlango.

Nitakuambia wewe peke yako. Nilipokaa, mkojo ulinitoka kidogo. Nilibana miguu, nikakunja kanga, nikamshukuru Mungu kwa kitambaa cheusi. Harufu ya ndani ya gari ilikuwa ile ile, petroli na ngozi mpya, harufu ya shati lako siku ulipolileta nyumbani ukatuzungusha wote mpaka kuku wakakimbia. Nilitaka kushuka. Mkono ulikwenda kwenye kitasa wenyewe. Nje ya kioo nikamwona Okoth ananitazama, nikauondoa.

Tukaondoka. Nyuma yetu Emojong alikuwa anafuata na lori limejaa madereva. Tulipofika juu ya mteremko, pale unapoliona daraja na ule mvule wenye jeraha, Kanji akasimamisha gari. Mikono yake ilikuwa imeloa usukanini.

"Mama," akasema, "na mimi naogopa."

Hilo ndilo neno la kwanza la kampuni ile nililoliamini.

"Twende," nikamwambia.

Akaachilia. Gari likaanza kushuka, polepole, kisha si polepole. Magunia yakagonga nyuma ya kiti. Mashimo yakaturusha, nikasikia chuma kinalia chini yangu, na kwa kila kilio nilisema, ndiyo hii, inakatika sasa. Niliona ulichokiona wewe. Niliona daraja linavyopanuka. Niliona watu walivyo wadogo kutoka juu, halafu ghafla wana nyuso. Nikaliita jina lako kwa sauti. Sijui kama Kanji alisikia, kwa sababu na yeye alikuwa anaomba kwa lugha ya kwao.

Akakanyaga.

Gari likashika. Lilishika kwa nguvu mpaka paji la uso likanigonga kwenye kioo, vumbi likatupita likaenda mbele, na tukawa tumesimama, mbali na daraja, injini imezima. Ndizi moja ilikuwa imeanguka mapajani pangu.

Watu walikuja wakikimbia wanashangilia. Nikashuka, nikashika mlango nisianguke, nikasema, "Tena."

Kanji akanitazama. "Tena, mama?"

"Ile ya kwanza inaweza kuwa bahati."

Emojong akaenda mlango wa dereva, akamtoa Kanji kwa bega, akakaa yeye. Tulipanda juu tukashuka tena, na safari hii mzee alikanyaga breki mahali pabaya kabisa, kwenye mchanga wa kona. Gari likayumba, likashika. Emojong akakaa kidogo ameinamia usukani. Nikafikiri anaangalia kitu. Kumbe analia. "Othieno yeye naona yote hii," akasema. "Nakuambia naona."

Tangu siku hiyo Kanji alifungua banda nyuma ya duka lake, na magari yakaanza kuja, ya Tororo, ya Busia huku na Busia ya Kenya, mengine yamevutwa kwa kamba. Mafundi walibadilisha paipu, na Emojong alikuwa anaingia chini ya kila gari kuhakikisha, mzee na mgongo wake ule. Si wote waliorudi. Kuna dereva mmoja wa Masafu ambaye hadi leo akiiona Panzi anafanya ishara ya msalaba. Wengine walijaribu polepole, safari fupi, mzigo mwepesi. Halafu mvua kubwa ilikuja, barabara ikawa uji, magari makubwa yakakwama, na Panzi zikapita. Jina la Sanduku likaanza kuwafia mdomoni. Sasa abiria haulizi tena. Anapanda na kuku wake.

Na mimi, je? Watu wanafikiri nimepona. Wanawake sokoni wananiita Mama Breki, wanacheka, na mimi nacheka. Lakini hofu haikuondoka, Baba Adikini. Imehama tu. Zamani niliogopa gari. Sasa naogopa uso wangu. Kuna watu wanapanda kwa sababu mimi nilipanda. Kukisikika ajali mahali, kabla sijauliza nani, nauliza gari gani. Nikiambiwa ni lori, nashukuru, halafu naona aibu kwa kushukuru, maana huko nako kuna mke. Okoth anaendesha Panzi ya rangi nyeupe kati ya Tororo na Busia. Kila asubuhi analala chini yake kwanza kutazama paipu kabla hajanywa chai, kwa sababu nilimwambia asipofanya hivyo chai hapati.

Adikini hajifichi tena. Juzi lori lilipita, akasimama barazani mikono kiunoni akalitazama mpaka likapotea. Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika ukuta, sikumwita.

Nilitaka ujue jina lako ni safi. Mama yako amerudi kanisani, tena anakaa mbele.

Sasa mtoto ameamka, anataka ziwa. Nikuage kwa leo, mume wangu. Pumzika huko ulikolala. Sitakuahidi kwamba nitaacha kuogopa, sitaki kukudanganya. Nakuahidi hili: Jumapili nitambeba mwanao, nimpeleke Lumino wazazi wangu wamwone. Hawajamwona, kwa sababu ni mbali kwa miguu na mimi sikuthubutu njia nyingine. Okoth atatupeleka. Tutapita darajani. Nitamwambia asimame kidogo, nimwonyeshe mtoto ule mvule, nimwambie baba yako aligeukia hapa ili wengine wapite. Nitakuwa nimelowa jasho, nitakuwa nimemkumbatia mpaka alie. Halafu nitamwambia Okoth awashe gari.

Mkeo,
Nabwire, Mama Adikini