Barua ya Bi Zaituni

Jumatatu, 27 Januari

Mazoezi saa kumi na mbili na nusu, uwanja wa shule ya msingi. Wazee thelathini na mmoja, wote nimewaandika kwenye daftari la mahudhurio. Kunyoosha mikono, kuzunguka uwanja mara mbili, kisha muuguzi akapima presha. Yangu iko juu. Ya Zaituni ni kama ya msichana, ndivyo muuguzi alivyosema, na watu wakacheka na kumpigia makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshika kalamu.

Tangu kata ilipoanzisha mazoezi haya mwaka jana, mimi ndiye katibu wa Baraza la Wazee. Kila barua iliyotoka nimeiandika mimi. Sera ya wazee nimeisoma yote, mstari kwa mstari. Jumamosi tunachagua mjumbe wa kutusemea wilayani, Kilosa. Simwoni mwingine wa kuchaguliwa. Nimefundisha hapa Mikumi miaka thelathini na sita. Nusu ya wazee hawa, watoto wao wamejifunzia kusoma kwangu.

Goti la kushoto linauma.

Jumatano, 29 Januari

Nimeandaa maneno ya Jumamosi. Dakika tano. Nimeyasema mbele ya kioo. Gauni la bluu nimelipiga pasi.

Jioni Zaituni amepita na majani ya maboga kutoka shambani kwake, njia ya Kisanga. Hakukaa. Alikuwa anakwenda kumwona mgonjwa. Kila siku anakwenda kumwona mtu.

Jumamosi, 1 Februari

Zaituni.

Mikono ishirini na miwili kwake. Kwangu saba, na mmoja katika hiyo ulikuwa wangu mwenyewe.

Hata hakuhutubia. Alisimama, akakaza kanga yake, akasema, "Mkinituma nitakwenda. Nitasema mtakayonituma." Akakaa. Basi. Mzee Lugome, ambaye wanawe wanne wamepita darasani kwangu, alimnyooshea Zaituni mkono huku akinitazama mimi. Baadaye akanifuata kunifariji. "Mwalimu, wewe utabaki kuandika. Nani anaandika kama wewe?"

Zaituni aliishia darasa la nne. Anasoma kwa kufuata kidole.

Niandike wazi, humu hakuna wa kumficha. Nina wivu. Nina miaka sitini na nane, mjane, mstaafu, mwimbaji wa kwaya, na nina wivu mpaka chakula hakishuki.

Jumatatu, 3 Februari

Amekuja nimsomee sera. "Mwalimu, nirudie hapo pa dirisha la wazee hospitalini." Nikarudia. Akishasikia mara mbili amelishika neno lote, na mimi nimelisoma mara kumi na bado natazama karatasi.

Kisha akaniambia anachotaka kukisema Kilosa. Muuguzi awafuate majumbani wazee wasioweza kutembea. Mazoezi ni ya sisi tunaofika uwanjani, alisema, na wale waliolala ndani je? Sikuwahi kuliwaza hilo. Mwaka mzima nimeandika majina ya waliofika na sikuwahi kujiuliza nani hakufika.

Hilo ndilo limeniuma kuliko mikono ishirini na miwili.

Katika saa moja simu yake imeita mara tatu. Binti wa Dar, binti wa Morogoro, kijana wake wa Msowero. Wote wanauliza amekula nini. Mwanangu Gilbert hajapiga tangu Krismasi. Niligeuza simu yangu kifudifudi ili Zaituni asione kwamba haiiti.

Alhamisi, 6 Februari

Mtendaji wa kata ameniletea barua kutoka Kilosa. Imeandikwa kwa mjumbe wa wazee. Kikao ni Jumatano tarehe 12, kata zote, kabla mipango ya mwaka ujao haijafungwa. Kila mjumbe aje na mahitaji ya wazee wa kwao. Gari litawachukua pale kituo cha afya saa kumi na mbili asubuhi.

"Mfikishie Bi Zaituni," alisema. Katibu ndiye anayefikisha barua.

Nimeiweka chini ya kitambaa cha meza. Nitampa kesho.

Jumamosi, 8 Februari

Sijampa.

Leo goti liligoma katikati ya mazoezi. Zaituni akatoka kwenye mstari, akanishika kiuno, akanikalisha chini na kunikanda mbele ya watu wote. Mikono yake ina nguvu ya jembe. Nilitaka aache. Nilitaka pia asiache. Nilimchukia kwa wema wake, na barua yake ikiwa mezani kwangu.

Jumatatu, 10 Februari

Neema, Afisa Ustawi wa Jamii wa kata, amenipigia. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, Bi Zaituni yuko tayari kwa safari? Jibu lilitoka lenyewe. Nilisema anaumwa homa, ameniomba niende badala yake. "Jamani, pole yake," Neema akasema. "Basi mwalimu, jiandae wewe."

Ilikuwa rahisi hivyo.

Gauni la bluu nimelipiga pasi tena. Sijutii. Naandika hivyo nione kama ni kweli.

Alhamisi, 13 Februari

Jana sikuweza kuandika.

Safari ilikuwa nzuri. Mvua ilikuwa imenyesha, mashamba ya njiani yamekolea kijani. Nilikaa kiti cha mbele. Kikaoni wakanipa kiti chenye karatasi mbele yake: Mjumbe, Mikumi. Wakati wa chai nilikaa na mzee wa Vidunda, mtu wa milimani kwetu, tukaongea lugha ya nyumbani. Nilijisikia mtu.

Zamu yangu ikafika. Nikaieleza sera vizuri, bila kusoma. Watu waliitikia kwa vichwa. Halafu mama aliyeongoza kikao, mpole kabisa, akaniuliza, "Asante, mwalimu. Sasa kwenye kata yenu, wasioweza kufika kituoni ni wangapi? Wako vitongoji gani?"

"Wako wengi," nikasema.

Akasubiri, kalamu mkononi.

"Wengi sana."

Mzee wa Vidunda akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Majina, na kila jina liko mlima gani. Mama wa Msowero hakuwa na karatasi, aliwataja wa kwao kwa kichwa, hata wa familia za wafugaji. Kata zao zimeingizwa kwenye mpango wa muuguzi wa kutembelea majumbani. Yetu haikuingia. Tumeambiwa tupeleke majina kabla ya Ijumaa tarehe 21. Tusipopeleka, tusubiri mpango wa mwaka unaofuata.

Zaituni angejibu hata kabla swali halijaisha. Nililijua hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Kurudi nilitazama dirishani mpaka Mikumi.

Jumapili, 16 Februari

Nimetoka ibadani nikamkuta amesimama mlangoni kwangu. Jana alikutana na Neema sokoni. Neema alimpa pole ya homa.

"Umesema naumwa," alisema. "Mimi siumwi, Edina."

Hajawahi kuniita jina. Siku zote ni mwalimu.

Nikaingia ndani, nikaitoa barua, nikampa. Akaisoma palepale, kidole kikifuata mstari, mpaka mwisho. Ilichukua muda mrefu. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Nimekukosea nini?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia kweli, kwamba walimchagua yeye.

"Ndiyo," alisema. "Walinichagua."

Hakulia wala hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Aliuliza Kilosa waliniuliza nini, nikamweleza swali na tarehe ya mwisho. Akafumba macho kidogo, midomo ikicheza.

"Wako kumi na tisa," alisema. Akaondoka.

Jumanne, 18 Februari

Amekuja saa tisa mchana. Alikataa chai. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. "Andika."

Nikaandika. Mzee Hassani, nyuma ya soko, miguu imekufa ganzi, anayemhudumia ni mke wa mwanawe. Bibi Tekla, macho yote mawili, anapikiwa na jirani. Mzee Yohana, presha, dawa zimekwisha tangu kabla ya Krismasi na hakuna wa kumfuatia. Mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mtu alijua nani anamwogesha, na mara ya mwisho ametoka nje lini. Hakukosea wala hakurudia jina. Nyumba tatu kati ya hizo nimewahi kula, na sikujua kwamba wenyewe hawainuki tena.

Na bado, nikiwa naandika, wivu ulikuwepo. Niliuona kabisa. Niliwaonea wivu hata wale kumi na tisa kwa namna anavyowajua.

Tulimaliza jioni. Akaikunja orodha, akasema ataipeleka kwa Neema mwenyewe. Sikuuliza kwa nini.

"Jumamosi utawaambia wazee kwa mdomo wako," alisema akiwa mlangoni. "Usiposema wewe, nitasema mimi."

Jumamosi, 22 Februari

Nimesema. Kabla ya mazoezi, wote wamesimama. Barua niliificha. Homa niliitunga. Kata yetu ilikosa nafasi kwa sababu yangu. Sikuleta sababu ya goti wala ya upweke. Nilisema ni wivu.

Mzee Lugome alitazama chini. Mama mmoja nyuma alisema neno kwa Kisagara, nililielewa na sitaliandika. Kisha wakanivua ukatibu, wakampa mstaafu wa posta. Zaituni hakunitetea, wala hakuongeza neno. Nilitamani moja kati ya hayo mawili.

Nikalikabidhi daftari. Tukazunguka uwanja. Kwa kawaida natembea katikati ya watu. Leo pembeni yangu palikuwa wazi kulia na kushoto.

Jumatano, 26 Februari

Neema anasema orodha ilifika Kilosa kabla ya tarehe. Kama itaingia kwenye mpango, hajui. Atatujulisha. Zaituni amesikia, ameitikia kwa kichwa, ameendelea kunyoosha mikono. Kwangu amesema habari za asubuhi. Nimesema nzuri. Hatujavuka hapo.

Baada ya mazoezi sikwenda nyumbani. Nilipita nyuma ya soko, nikabisha kwa Mzee Hassani. Chumba kina giza na harufu ya dawa ya kuchua. Aliuliza ni nani.

"Mwalimu Edina. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yule aliyesema uongo?"

"Ndiye."

Akafikiri. Akasogeza blanketi nipate pa kukaa kitandani.

Nilimuuliza anahitaji nini, nikidhani atasema dawa. Alisema anataka jua. Mke wa mwanawe alikuwa anafua. Akafuta mikono, tukasaidiana, yeye kwapani upande mmoja, mimi upande wa pili, goti langu likilalamika kila hatua. Tukamkalisha barazani, mgongo ukutani. Alikaa muda akiwa amefumba macho tu.

Nikamwonyesha mazoezi ya mikono. Yake inaishia usawa wa masikio. Akapumzika, akainua tena bila kuambiwa.

"Bi Zaituni anakuja lini?" akauliza.

"Kesho."

"Nitamwonyesha hii," alisema, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo haukunifungukia mimi.

Ilinichoma. Kidogo, palepale. Nikanyoosha mikono yangu, naye akanyoosha yake, tukahesabu tena kuanzia moja.