Mchumba Wangu Aliteleza Kila Jumamosi

Shangazi Dorcas, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa kila wiki, na wiki hii zamu ya kulia imenifikia mimi, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utacheka, maana hapa nyumbani Pasiansi wanaocheka ni majirani tu.

Nina mchumba anaitwa Shimba, Msukuma, fundi wa mitambo ya ubaridi katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki huko Nyakato, kijana mpole, hanywi, na ufundi huo alikwenda kuusomea Norwei ambako theluji inafika madirishani, na huko wakamfundisha mchezo wa kupanda milima na mbao mbili miguuni, siyo milima ya karibu yenye mashine za kubeba watu, hapana, milima ya mbali ambako hakuna barabara wala nyumba wala mbuzi, wanapanda tangu alfajiri wakiwa wamebandika ngozi chini ya mbao ili wasirudi nyuma, na wakifika kileleni wanazibandua zile ngozi, wanateleza mpaka chini, kisha kila mtu anakwenda kwake. Nilipomuuliza kule kileleni walifuata nini, alisema hakuna kitu. Nikampenda hivyo hivyo.

Shida ilianza siku alipokuja kujitambulisha na wajomba zake. Baba yangu ni Mhaya, Mlutheri, mzee wa kanisa, na tangu wapunguzwe kazi kule ushirika hana shughuli nyingine ila kutulinda sisi mabinti zake. Alikaribisha vizuri, bakuli la kahawa ya kutafuna likazunguka, mimi na mama tupo chumba cha ndani masikio yako mlangoni, ndipo Baba akauliza, "Kijana, huko Ulaya baada ya masomo mlikuwa mnafanya nini?"

Na Shimba wangu, bila hata kukohoa, akajibu, "Mzee, nilikuwa nateleza."

"Unateleza?"

"Kila Jumamosi, Mzee. Hata Jumapili baada ya ibada, kama hali ya hewa inaruhusu."

"Peke yako?"

"Hapana, peke yako ni hatari. Nilikuwa na mwalimu wangu na mkewe, Bi Ingrid. Yule mama hasa ndiye aliyenifundisha. Mimi mwanzoni nilikuwa naogopa, akaniambia legeza magoti, usitazame chini."

Mama alisema "Mawe!", yaani mama wee kwa Kihaya, akakalia kapu la nyanya.

"Na mumewe yuko wapi wakati huo?"

"Yeye anatangulia, Mzee. Sisi tunafuata."

"Sasa umeacha?"

"Siwezi kusema nimeacha. Ni kwamba hapa Mwanza mazingira hayaruhusu. Lakini Mungu akijalia nikamuoa Odeta, nitampeleka Kilimanjaro, kule juu barafu ipo, nimfundishe na yeye."

Baba alisimama, akachukua bakuli la kahawa mkononi mwa mjomba aliyekuwa bado anachagua, akasema kikao kimefungwa.

Nilimweleza Baba habari zote za mbao na theluji, nikalia, nikaapa, naye akaniambia, "Odeta, mtu aliyeteleza kwa dhambi namwelewa, hata Daudi aliteleza. Lakini mtu mzima apande mlima kutwa kusudi ateleze arudi alikotoka? Uongo huu aliyeutunga alikuwa na haraka." Shimba akaleta kanda ya video aliyotumiwa na mwalimu wake, tukaenda kuitazama kwa jirani yetu Antoni mwenye deki, kumbe siku waliyopiga ile picha theluji ilikuwa inaanguka, kioo kizima cheupe, kinachezacheza, Baba akavaa miwani, akatazama weee, akasema hizi ni chenga, hebu gongeni hiyo televisheni, na Antoni akagonga mpaka ikazimika kabisa.

Sasa Shimba amesema ataonyesha mwenyewe. Amechongesha mbao mbili, amepata ndoo ya mafuta ya ng'ombe ya kuzipaka, na Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao anataka kuteleza kutoka juu ya lile jabali la nyuma ya nyumba yetu, Baba akiwa shahidi, na Baba amekubali kwa uso ambao sikuupenda, na Antoni ameshapanga mabenchi na kutangaza soda baridi, anasema biashara siku hizi ni huria. Shangazi, jabali lile hata mijusi hulishuka kwa adabu. Akiteleza atavunjika, asipoteleza Baba hatoi ruhusa, na mimi sitaki mwanamume mwingine.

Na hili naomba usilichape. Shimba ana picha ya Bi Ingrid ndani ya pochi yake. Anasema siku moja theluji iliporomoka ikamfunika kabisa, na yule mama ndiye aliyemtafuta akamfukua kwa sepetu, maana kila mmoja wao hubeba sepetu kwa kazi hiyo. Nikasema sawa, lakini roho haijatulia. Niambie ukweli, Shangazi: aliteleza tu, au aliteleza?

Odeta, Pasiansi


Marahaba, Odeta mwanangu. Nilianza kuisoma barua yako kwa sauti hapa ofisini na sikufika mwisho, mpiga chapa wetu ametoka nje kunawa uso. Pole sana. Ninacheka, na bado ninakuhurumia.

Jabali kwanza, maana siku zinakwenda. Shimba hatelezi. Theluji ukiiangukia inakupokea, mawe ya Mwanza hayajawahi kumpokea mtu. Zichukue zile mbao leo hii, mama azifanyie kichanja cha vyombo, mafuta yagawe, na Antoni anywe soda zake mwenyewe. Kijana akibisha, mwambie wewe ulimleta kwa wazazi mchumba mwenye miguu miwili mizima na ndivyo unavyomtaka siku ya harusi.

Halafu wewe, niseme ukweli, umenikera. Habari za ngozi na mbao ulikuwa nazo, ukamwacha kijana wa watu aende mbele ya mzee wa kanisa na neno lile mdomoni! Kwake kuteleza ni kuteleza. Ungemwambia aseme kuserereka. Ungemwambia aseme "nilikuwa napanda milima", halafu anyamaze, maana anayepanda kila mtu anajua atashuka. Mlikuwa na miezi ya kuzungumza, sijui mlizungumza nini.

Lile uliloomba nisilichape nimelichapa, kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Wewe unaona picha ya mwanamke ndani ya pochi. Mimi naona mama wa watu amepiga magoti mlimani, mbali na kila msaada, anachimba mpaka mikono inamtoka damu ili kijana wa Kisukuma arudi kwao akiwa hai. Na umwonee wivu? Mwandikie umshukuru, yeye na mumewe, na kadi ya harusi uitie humo humo. Swali lako jibu lake ni hili: aliteleza tu. Mwanamume mwenye la kuficha hataji mke wa mwalimu mbele ya wajomba zake.

Sasa nipishe kidogo niseme na Baba yako, maana gazeti hili najua analisoma kabla hamjaligusa.

Mzee wangu, kwa heshima zote. Mabinti wako wengine nao watachumbiwa na vijana waliosoma nje, na utawauliza swali lile lile, na kila mmoja atakujibu kwamba Jumamosi alikuwa maktaba na Jumapili alikuwa kwaya. Huyu amekueleza jambo linalomharibia mwenyewe, ukambana, hakubadilisha hata neno. Nadhani kilichokuuma ni Kilimanjaro. Umemsikia mtu akisema atampeleka mwanao mahali ambapo wewe huwezi kumfuata. Hofu hiyo ni ya mzazi na haina aibu, lakini iseme kwa jina lake, usiifiche nyuma ya dhambi ambayo haikutendeka. Mwite kijana mkae wawili tu. Muulize, mwanangu akifunikwa huko juu, utafanya nini? Kisha msikilize mpaka amalize, na ukiridhika, umpe ruhusa siku hiyo hiyo.

Na wewe Odeta, hulazimiki kupanda mlima wowote. Mngoje chini na chupa ya chai na sweta kavu. Mume wako utajua amekwenda wapi, na nani, na atatokea upande gani. Wa kwangu alitoka kwenda Nyamagana kununua betri za redio, na Pasaka imeshapita.

Shangazi Dorcas