Kiti cha Mtu Mmoja

Hayes, London
Jumapili, baada ya ibada

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa jikoni karibu na moto, na mguu umeacha kukusumbua. Nimesikia mwaka huu sakitu imeshuka mapema, barafu yake ya alfajiri ikachoma viazi vya bondeni. Pole sana, Mama. Je, vile vya juu karibu na kanisa vimepona? Shemeji Zakayo, wewe unayemsomea Mama, soma polepole. Najua pikipiki yako iko nje na abiria wanakungoja, lakini usiruke mistari.

Sisi huku ni wazima. Mimi bado niko kwenye ghala lile lile karibu na uwanja wa ndege, napanga mizigo ya watu wanaosafiri kwenda ninakotamani kwenda mimi. Mgongo unalalamika kidogo, lakini ni malalamiko ya kawaida.

Mama, jambo ninaloliandika ningepaswa kulileta kwa miguu yangu, nikae chini mbele yako, nikohoe kwanza ndipo niseme. Kwa simu nimeshindwa. Habari ya mtoto haisemwi huku mnaulizana "haloo, unanisikia?" Somo yako Eveta amemaliza chuo, na kiwanda kimoja cha Kanada kimemwita kazini. Nami sijasahau ulichosema siku tulipomzika mwanao Upendo. Ulinishika mkono pale kaburini ukaniambia, "Akimaliza shule, nirudishie mtoto. Nimetoa mmoja, sitoi wawili." Eveta hajawajibu wale watu. Anasubiri neno lako. Ila kabla hujalisema, naomba nikueleze mjukuu wako amefanya nini.

Kuna pikipiki isiyo na magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kutelezea, zimepinda juu kidogo, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno. Inapanda milima ya theluji. Theluji ni ndugu yake sakitu yako, ila hii huanguka kutoka angani na kurundikana mpaka kiunoni. Huko Kanada watu huipanda milima hiyo kwa mashine hizi, wengine kwa kazi ya kuokoa waliopotea, wengine kwa raha tu. Mashine zenyewe zipo tangu zamani. Kazi aliyojichagulia Eveta ilikuwa kuwauliza wanaoziendesha: mngependa zibadilishwe nini? Halafu aunde mfano wake.

Basi nyumba yetu ikajaa sauti za wageni. Anapika wali huku simu iko juu ya friji, mtu wa Kanada anaeleza shida zake. Nami nikajikuta nazijua. Mashine ni nzito, na ikizama kwenye theluji laini unaitoa kwa mikono yako. Pa kuweka miguu pananata theluji, mguu unateleza. Koleo la kuchimbia wanalifunga kwa kamba kama mkaa kwenye baiskeli. Na kuiwasha ni kwa kuvuta kamba, baridi ikiwa imekugandisha vidole. Kuna mama mmoja, kazi yake ni kujaribu mashine za kiwanda kabla hazijauzwa, alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio ng'ambo ya bonde. Alisema, "Waambie hao wahandisi wakavute ile kamba wakiwa wamevaa glovu, wakishindwa ndipo waje tuongee!"

Nikamwambia Eveta, "Si uweke kitufe cha kuwashia, kama cha pikipiki ya mjomba wako?"

Akanijibu kwa Kiingereza, unajua Kiswahili anakisikia vizuri lakini mdomo hautaki, "Baba, kitufe kinataka betri, betri ina uzito, na hao hao wanataka uzito upungue."

"Kumbe hawajui wanachotaka."

"Wanajua. Wanataka vyote."

Nilicheka peke yangu njia nzima kwenda kazini. Ni maneno ya mama yake kabisa. Upendo alipokuwa akishona nguo za harusi hapa nyumbani, bibi harusi akitaka gauni libane halafu limwache acheze, alikuwa akisema, "Anataka vyote, na siku yenyewe ni moja, basi tumpe vyote."

Najua utauliza mtoto wa Njombe aliyekulia Hayes ameipendea wapi theluji. Nadhani ni kwa mama yake. Mwaka wetu wa kwanza huku, theluji ilianguka Eveta akiwa shuleni. Upendo aliogopa itayeyuka kabla mtoto hajarudi, akaijaza kwenye bakuli la ugali na kuliweka ndani ya friji, kwenye barafu. Mtoto aliporudi, nje kote kulikuwa kweupe vile vile. Lakini alikataa kucheza na ya nje. Alitaka ya mama.

Ulipofika wakati wa kuunda mfano, alitengeneza mwili kwa mabomba na mbao nyepesi. Kiti akanipa mimi. Zakayo anakumbuka, kabla sijaja huku nilikuwa nafunika viti vya pikipiki pale stendi Makambako. Cherehani ya Upendo ilikuwa imefunikwa kitenge tangu tulipotoka kumzika. Nilikiondoa kitenge, nikakikunja, nikatia mafuta. Uzi wake wa mwisho, wa bluu, ulikuwa bado kwenye sindano. Nilikaa nao kidogo, Mama, kisha nikauvuta taratibu na kutia mweusi.

Nikashona kiti kizuri. Sponji nene, kimeinuka nyuma, mishono miwili miwili pembeni. Nilimwita Eveta nikiwa na majivuno. Alikizunguka, akakikalia, akasogea mbele, akageuka akatazama nyuma yake.

"Baba, hapa nyuma ni pa nini?"

"Pa abiria."

"Abiria gani?"

"Utajuaje? Pikipiki isiyo na nafasi ya mtu wa pili ni uchoyo."

Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akanieleza. Kule mlimani mwendeshaji hakai sana. Anasimama, anaegemea upande mmoja, mara anavusha mguu juu ya kiti kwenda upande wa pili ili mashine isipinduke. Ndiyo maana wanaomba kiti kifupi, chembamba, kisichonywa maji. Kwa kiti changu, mtu angenasa mguu na kwenda na mashine hadi bondeni.

"Kule kila mtu yuko peke yake kwenye mashine yake," alisema.

Yeye alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka. Mimi nilisikia lile neno peke yake, nikakukumbuka wewe pale kaburini. Nilichukua kisu nikakikata kiti. Nilikata polepole, maana sponji ukikosea hairudi.

Siku ya maonyesho nilivaa koti la kanisani. Ukumbi wa chuo ulijaa kazi za vijana, na wengi walikaa nyuma ya meza wakitazama simu. Somo yako alikuwa amesimama, kichwa juu, mikono nyuma, kama wewe ukisubiri zamu yako ya kuongoza sala kanisani. Watu wa kiwanda walikuja, na pamoja nao yule mama wa kwenye simu. Kumbe ni mfupi, Mama! Hanifiki begani. Mashine nyingi zimetengenezwa kwa wanaume warefu, na hilo lilikuwa moja ya mambo aliyolalamikia, ndiyo maana Eveta alifanya usukani unaopanda na kushuka.

Yule mama hakusalimia mtu. Alipanda, akashusha usukani, akasimama, akaegemea kushoto, akavusha mguu, akaegemea kulia, akavusha tena. Aligonga pale pa kuweka miguu, penye matundu ya kupitisha theluji, akaliondoa koleo mahali pake kwa mkono mmoja na kulirudisha bila kutazama. Kisha akasema, "Mguu wangu unavuka. Miaka yote hii, leo mguu wangu unavuka." Akapapasa mshono. "Kiti kashona nani?"

"Baba yangu," Eveta akasema, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Cha kwanza alishona cha watu wawili."

Yule mama akanigeukia. "Mzee, abiria wangu mimi ni koleo tu, na halijawahi kunilipa nauli!"

Walicheka, nami nikacheka. Lakini, Mama, kidole kile cha mtoto wako kilinifanya mrefu. Nimebeba mizigo ya watu katika mji huu mpaka nywele zimebadilika rangi, na siku ile nilielewa nilikuwa nabeba nini.

Wakamwita kazini pale pale. Eveta akawashukuru, akasema atawajibu akishasikia kutoka kwa bibi yake. Mmoja wao akamuuliza kwa adabu kabisa, bibi yake anafanya kazi katika kiwanda gani.

Mimi nilimfuata yule mama mfupi mlangoni. Kiingereza changu unakijua, ni cha ghalani, lakini nilimuuliza. Nilimwambia mama wa mtoto huyu hayupo, na bibi yake yuko mbali, na nimesikia kule mlimani kila mtu yuko peke yake. Aliacha utani. Aliniambia, "Kiti ni cha mtu mmoja, lakini mlima haupandwi na mtu mmoja. Kila baada ya kona unageuka. Ukigeuka usipomwona mwenzako, unarudi kumtafuta, hata kama uko karibu kufika. Asiyegeuka hatumchukui tena." Kisha akasema kwamba mwaka wa kwanza Eveta atakuwa naye yeye, na kwamba yeye hugeuka.

Nimelikalia neno hilo, Mama, na nimelikalia na lako. Lako silipingi. Ulilisema mikono yako ikiwa bado na udongo wa mwanao. Lakini nimefikiri hivi, nawe unisahihishe kama nakosea. Upendo tulimtoa. Eveta naomba tumtume. Mtoto aliyetumwa hurudi na kueleza alichokikuta, na huyu ameahidi kupita kwako kwanza, kabla ya kazi, akae nawe mpaka utakaposema sasa nenda. Ukisema hapana, mimi mwenyewe nitampeleka uwanja wa ndege aje Njombe, na hutasikia kutoka kwangu neno la kunung'unika.

Nisalimie mke wa Zakayo na mwanawe mchanga ambaye sijamwona. Msalimie mzee wa kanisa aliyetuongoza makaburini, na wale akina mama wa kwaya waliolala nawe siku zile za msiba. Jirani yako anayekuletea kuni mwambie sijamsahau. Kaburini ukipita, palilia na kwa upande wangu.

Eveta ameomba nafasi hapa chini aandike mwenyewe. Nilitaka kumsahihishia, amekataa.

Nakushika miguu,
mkweo, Baba Eveta

Bibi shikamoo. Hapa ni Eveta. Baba ameandika mengi lakini mimi nataka kusema na Kiswahili yangu. Mimi nataka kwenda, sana sana. Lakini kama wewe nasema hapana, mimi nakuja kwako na sina hasira. Kama wewe nasema ndiyo, mimi nitageuka kila kona. Eveta wako mdogo.